Udongo wa Safa: Maisha ya Mzee Saadia Yihye Shukr (1943–2024)

Wafiwa, majirani, wenzake wa redio, na nyote mliokuja kutoka Sterling, Lanham na kwingineko: kabla hamjashika sepetu, sikilizeni kwanza huyu mnayemfukia alikuwa nani. Wayahudi hawana desturi ya kusoma wasifu uliochapwa. Waislamu wa pwani nao hawana. Ni Bwana Simiyu, aliyesoma habari redioni pamoja na Marehemu, aliyeshikilia kwamba kwao Bungoma mtu haingii ardhini kabla maisha yake hayajasomwa. Kazi ya kuandika ikamwangukia Ummu, mtoto wa kaka yake marehemu Safa, mke wa Marehemu, kwa kuwa ndiye aliyekaa na Marehemu mpaka mwisho. Yeye aliishia darasa la saba, kwa hiyo atakayeokota makosa humu aende nayo nyumbani.

Marehemu Saadia Yihye Shukr alizaliwa tarehe 4 Machi 1943 katika mtaa wa Crater, mjini Aden. Alikuwa mtoto pekee wa Yihye Shukr, mjalidi wa vitabu, na mkewe. Nyumbani walisema Kiarabu chao, Kiarabu cha Kiyahudi, na kuomba waliomba kwa Kiebrania. Desemba 1947 zilizuka ghasia, Wayahudi wakawindwa mitaani. Mama yake aliuawa kwenye ngazi za nyumba. Duka la baba yake lilichomwa pamoja na vitabu vya watu vilivyokuwa vikingoja majalada. Marehemu alikuwa bado hajatimiza miaka mitano, lakini uzeeni alikuwa hawezi kukaa karibu na nyama ya kuchoma. Alisema ngozi ya kitabu ikiungua haina tofauti na ngozi nyingine.

Aliyewaokoa ni Mwislamu, mfanyabiashara wa Kihadhrami aliyekuwa akipeleka daftari zake za duka kwa Mzee Yihye. Aliwaficha baba na mwana nyuma ya magunia ya kahawa mpaka mji ulipotulia, kisha akamwandikia ndugu yake Mombasa. Wayahudi wengine wa Aden walikwenda Yerusalemu na Tel Aviv. Mzee Yihye akasema yeye anakwenda kwa mtu anayemjua. Basi mwaka 1948 wakashuka Mombasa, wakapanga chumba Kibokoni, na Mzee Yihye akafungua kazi yake upya: daftari za maduka, na baada ya muda, misahafu iliyochakaa. Watu walisema Myahudi huyu hanawi mikono mara moja tu kabla ya kugusa msahafu, hunawa mpaka ngozi inakunjamana.

Shule ilikuwa kisa. Wakati huo wa ukoloni kila rangi ilikuwa na shule yake. Shule ya Wazungu ilimtazama uso ikasema huyu si Mzungu. Shule ya Waarabu ikamtaka asome swala, akaisoma kwa Kiebrania. Ya Wahindi ikataka kujua wao ni wa jamaa gani, baba yake akashindwa kueleza. Mwishowe ilikuwa shule ya misheni, iliyompokea bila kumuuliza chochote, halafu ikajaribu kumbatiza kila Pasaka. Alimaliza mtihani wa Cambridge mwaka 1960 bila kubatizwa. Kiswahili hakukisoma popote. Alikipata vibarazani Kibokoni, kwa matusi kwanza, maana kule Saadia ni jina la mwanamke na watoto hawakumwachia. Aliwahi kusema kuwa hakuna aliyemfundisha Kiswahili vizuri kama waliomtukana nacho, kwa sababu ilimbidi ajibu.

Mwaka 1961 alipata kazi ya kusahihisha chapa katika gazeti moja la Mombasa, na jioni akaandika kitabu chake cha kwanza, Wageni wa Kibokoni. Alikipeleka Nairobi kwa posta. Mhariri, Bwana Nehemiah, alijibu kwa furaha kubwa: "Mpendwa Bi Saadia, ni nadra kwa mwanamke wa Kiislamu wa pwani kuandika kwa ujasiri namna hii." Marehemu hakujua afanye nini na sifa hiyo. Alipanda gari moshi akaenda Nairobi. Bwana Nehemiah alimwona mwanamume mrefu, pua ya upanga, kofia ndogo kisogoni, akamwambia asubiri nje kwa kuwa anamtarajia mama mmoja mheshimiwa. Marehemu alikaa nje saa nzima, kwa adabu, akingoja naye amwone huyo mama.

Kitabu kilichapwa mwaka 1967, bila picha ya mwandishi. Kwa miaka kadhaa walimu waliwaambia wanafunzi kuwa kimeandikwa na mama mcha Mungu wa Mombasa. Ukweli ulipojulikana, msomaji mmoja aliandika gazetini akiuliza ni nani aliyempa Myahudi ulimi wetu. Marehemu aliikata barua ile akaibandika juu ya meza yake, na akahama nayo nchi mpaka nchi. Hakuwahi kuijibu. Aliandika vitabu vingine vinne badala yake.

Sasa tufike kwa Safa, maana bila Safa hakuna cha kusoma hapa.

Safa alikuwa binti wa fundi wa kanzu, Kibokoni hapo hapo, naye mwenyewe fundi cherehani. Mwaka 1964 alileta msahafu wa baba yake uliokuwa umeachia mgongo. Mzee Yihye alikuwa na homa, kwa hiyo aliyempokea ni Marehemu. Safa akamuuliza kama amenawa. Akasema amenawa. Akamwambia anawe tena mbele yake, aone. Marehemu alinawa, na ule msahafu ulichukua wiki nyingi sana kwisha kujalidiwa, kuliko msahafu wowote uliopata kupita duka lile. Walipendana kwa miaka mitano mtaa mzima ukijifanya hauoni. Yeye hakusilimu. Safa hakutoka katika dini yake. Kila mmoja alisema asingemtaka mwenzake kama angebadilika kwa ajili ya chumba cha kulala.

Walioana tarehe 19 Agosti 1969, mbele ya Mkuu wa Wilaya, Nairobi. Wiki hiyo hiyo, Mombasa, kulikaliwa matanga mawili. Mzee Yihye alirarua ukosi wa shati lake, akaketi sakafuni siku saba, kama desturi yao inavyotaka kwa mtoto aliyekufa. Nyumba tatu mbele yake, baba yake Safa aliandaa hitima, akasomewa bintiye kama marehemu, na pilau ikaliwa. Kaka yake Safa, ambaye ndiye baba yake Ummu, alisimama barazani akatangaza kwamba Myahudi amemwiba dada yake. Neno hilo, kuiba, lilitembea kuliko hata habari ya ndoa. Wazee wale wawili walipishana uchochoroni wakiwa na msiba mmoja, na hawakupeana mkono. Wote wawili walikufa bila kuwaona tena watoto wao.

Marehemu na mkewe walijaliwa mtoto mmoja, binti, tarehe 11 Mei 1973. Baba alitaka jina la mama yake aliyeuawa ngazini, mama alitaka la bibi yake. Wakabishana mpaka mtoto akaota meno akiitwa Nunu, na Nunu ndiye mnayemwona mbele yenu leo, mwanamke wa miaka hamsini na moja.

Mwaka 1978 Marehemu aliajiriwa na idhaa ya Kiswahili ya redio moja hapa Washington, wakahamia Hyattsville, katika jengo lile lile ambamo amefia. Alisoma habari kwa miaka thelathini. Wapo watu Kigoma na Kisii ambao sauti yake waliijua kuliko ya baba zao, na hawakujua ni ya nani.

Namna yake ya kuandika lazima isemwe, kwa sababu maprofesa wameiandika vibaya. Hakuandika peke yake. Jioni, Safa akishona nguo za watu, yeye alikaa upande wa pili wa meza akimsomea alichoandika. Hakumuuliza maoni. Alisikiliza cherehani. Ikiendelea kukimbia, alikata sentensi. Ikisimama, aliiacha. Ikisimama na Safa akavua miwani, alijua hapo ndipo mlango wa sura inayofuata. Mara moja alimsomea kurasa tatu za mandhari, cherehani ikakimbia mwanzo hadi mwisho, na mkewe akamwambia, "Saadia baba, pindo zima nimemaliza na mtu wako bado hajafika mlangoni." Kurasa zote tatu zilikwenda jalalani.

Nje ya chumba kile cha cherehani hakuwa na kwao. Waliomwalika katika kumbi za Wayahudi hapa mjini walitaka awasimulie Aden ilivyoungua, kwa Kiingereza, na baada ya hapo kulikuwa na keki. Mama mmoja alimuuliza kwa nini anaandika katika lugha isiyo na Myahudi hata mmoja. Akajibu yuko mmoja. Alipokwenda kwenye makongamano ya Kiswahili walimkaribisha kwa heshima zote, kisha kila mara alisimama kijana akamuuliza ana haki gani. Wazanzibari na Wamombasa wa Lanham walimsikiliza redioni wakiwa jikoni na wakazima redio akija mgeni. Nyumbani kwa Safa hawakuingia. Arusi zao alizishonea nguo, ila kadi haikumfikia. Ummu alipokuja nchi hii mwaka 2004 kwa bahati nasibu ya viza, ndiye mtu wa kwanza wa damu ya Safa kuvuka kizingiti chake baada ya miaka thelathini na mitano. Shangazi yake alimpa mkate wa mofa, akamtazama akila, akasema, "Kumbe meno ni ya kaka."

Safa alifariki tarehe 2 Februari 2015, kwa moyo, akiwa na uzi mdomoni. Na hapo ndipo watu wake walipokuja. Hawakuja kumwona mgonjwa, wala kumpa mkono mzee wa watu. Walikuja kumchukua. Walimwosha, wakamvisha sanda, wakamswalia na kumpeleka makaburi ya Waislamu, ng'ambo ya mto Potomac, upande wa Virginia, karibu na Sterling. Walifanya yote kwa utaratibu mzuri, hilo tusiwadhulumu. Lakini maiti ya mwanamke hupokelewa kaburini na mumewe au maharimu zake, jamaa wasioweza kumwoa, na Marehemu alipovua viatu ashuke, Mzee Sufian, mwenyekiti wa kamati ya makaburi, alimshika kiwiko. Alimwambia kwa sauti ya chini, bila ukali, "Bwana Saadia, ndoa ile sisi hatuijui. Hapa wewe ni jirani." Wanaume wawili ambao Safa hakuwahi kuwaona usoni walishuka wakampokea. Marehemu alivaa viatu vyake. Theluji ilikuwa imeingia ndani.

Tangu siku hiyo cherehani ilifunikwa kanga. Kitabu cha sita, kilichokuwa kimefika nusu, hakikuongezewa mstari. Watu walimsihi aendelee. Alisema hawezi kujua sasa sentensi ipi ikatwe.

Miaka miwili baadaye alijiandikisha kwa chama cha maziko cha Kiyahudi, ili asije akamsumbua Nunu. Bwana Mark, wa chama hicho, alimpa pamoja na karatasi zake kimfuko kidogo cha udongo. Ni desturi yao: anayezikwa mbali na Yerusalemu huwekewa udongo wa Yerusalemu chini ya kichwa, ndani ya jeneza, ili alale kwao. Marehemu alikirudisha kimfuko siku hiyo hiyo. Alimwambia Mark kuwa Yerusalemu hana mtu. Kama maana yake ni kulala kwao, atakuja na udongo wake.

Jumapili moja ya Mei 2017 alikwenda kaburini kwa Safa na kijiko cha chai. Aliona ni haki yake, kama mume yeyote. Alikuwa amepiga magoti, kijiko ardhini, wanawake wawili waliokuja kuzuru kaburi la mama yao walipomwona. Sasa nyinyi mliozaliwa pwani hamhitaji kuelezwa. Wengine waelewe hivi: kwetu mtu hachoti udongo wa kaburi ila kwa jambo moja, na jambo hilo ni uchawi. Kufika magharibi, Lanham yote ilijua kuwa Myahudi wa Safa ameonekana akichimba kaburi. Kufika mwisho wa mwezi, uchumba wa binti mmoja ulikuwa umevunjika kwa sababu yake, teksi ya mtu ilikuwa imeungua kwa sababu yake, na mtoto aliyechelewa kusema alikuwa amechelewa kwa sababu yake. Nafasi iliyo kando ya Safa ikakaa wazi. Kila aliyepewa aliikataa, wakazika mbele na nyuma yake, pale pakabaki pengo. Kamati ikakaa, ikampiga marufuku kuingia makaburini. Katika barua waliandika kwamba amekutwa akiiba.

Neno la mwaka 1969 lilikuwa limemfuata mpaka Virginia.

Marufuku hiyo aliiheshimu. Ummu alimwambia mara nyingi kuwa yeye haruhusiwi lakini yeye Ummu anaingia bila kuulizwa, konzi moja ya udongo katika mkoba, nani atajua. Marehemu alikataa, na maneno yake ni haya: "Safa sikumwiba. Na udongo wake sitauiba. Wanipe wenyewe." Hilo ndilo alilolitaka katika dunia, baada ya vitabu vitano na miaka thelathini ya redio: watu wa mkewe wampe konzi ya udongo kwa mikono yao.

Mwaka 2021 figo zake zilikufa. Mara tatu kwa wiki alipelekwa kusafishwa damu, akarudi amekauka kama muwa uliokamuliwa. Kiangazi cha 2023, alipoona hana safari ndefu mbele, alivaa koti lake la redio, akamwomba Ummu ampeleke Lanham kwa Mzee Sufian. Walipokelewa. Mkewe Sufian, Bi Sheha, alileta chai ya tangawizi na kaimati, akaketi nao, jambo ambalo mumewe hakulipenda. Marehemu alieleza desturi ya kwao kuanzia mwanzo, polepole, kama anayesoma habari. Mzee Sufian alisikiliza yote.

"Bwana Saadia, nimekufahamu," alisema. "Lakini udongo wa maiti hautoki. Ukitoka, umetoka kwa jambo."

"Jambo lenyewe ni mimi kufa."

"Basi ukifa, tutazungumza."

"Nikifa nitakuwa sina la kuzungumza, Mzee Sufian."

Bi Sheha akasema, bila kumtazama mumewe, "Mpe mwanamume wa watu. Udongo si dhahabu." Mzee Sufian akamwambia aongeze chai. Hakuna aliyekuwa amemaliza kikombe. Njiani kurudi, Marehemu alimsifia Ummu zile kaimati.

Bi Sheha, Mungu amrehemu, alifariki tarehe 18 Oktoba mwaka huu. Aliacha wosia wa mdomo, mbele ya binti zake, kwamba alazwe kwenye pengo lile kando ya Safa, kwa sababu mwanamke wa watu ametengwa hai na amekufa na bado ametengwa. Kamati ilisitasita. Mwenyekiti hakuweza kumkatalia mkewe mbele ya maiti yake. Basi Mzee Sufian, na magoti yake yale mabovu, alivua viatu akashuka kaburini kumpokea Sheha, kama mume anavyoshuka. Waliokuwa juu wanasema alikaa mle chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika ukuta wa kaburi, ule wa upande wa Safa, na alipopandishwa konzi yake ilikuwa imefumbwa. Udongo ule aliutia mfukoni. Akaenda nao nyumbani. Akauweka.

Akauweka wiki tatu na zaidi. Hapa Ummu hataki kusema mengi, kwa kuwa mwenye habari yupo mbele yetu na yeye mwenyewe amesema iandikwe hivyo. Alisema kila siku alikuwa aje, na kila siku aliona haya.

Marehemu aliacha kusafishwa damu mwishoni mwa Oktoba, kwa hiari yake. Alikuwa na akili zake mpaka karibu na mwisho. Nunu alikuja na wanawe, wakakaa naye. Bintiye alisema naye kwa Kiingereza, naye akajibu kwa Kiswahili, kama walivyozungumza maisha yao yote, kila mtu kwenye ukingo wake. Yapo mengi ya kumhurumia mwandishi huyu, lakini moja lazima lisemwe na watoto wenyewe wanalijua: katika damu yake hakuna anayeweza kusoma vitabu vyake. Mjukuu wake Zaria alijaribu ukurasa wa kwanza wa Wageni wa Kibokoni pale kitandani. Alisoma sauti tu, bila kujua maana, akikanyaga maneno kama mtu anayepita gizani kwenye vyombo. Babu yake alimsikiliza mpaka mwisho wa ukurasa, akasema, "Endelea." Ukurasa wa pili hakuufikia, alilia.

Jumatatu alimuuliza Ummu kama kuna habari kutoka Lanham. Ummu akasema hakuna. Akasema, "Basi niwekeeni kichwa juu ya ubao mtupu. Cha Mark msikichukue." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana. Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na mmoja, akijua kwamba wamemnyima.

Jumatano asubuhi Mzee Sufian alibisha mlango. Alikuwa amevaa kanzu na koti la baridi, na mkononi ana kimfuko cha kitambaa cheupe. Kitanda kilikuwa kimekwisha kuvuliwa mashuka. Alikitazama kitanda, akamtazama Ummu, na Ummu alimwambia maneno ambayo hayafai kuchapwa kwenye karatasi ya maziko. Aliyasikiliza yote. Kisha akauliza maiti iko wapi.

Walikwenda pamoja. Wayahudi walikuwa wamekwisha kumwosha na kumvisha sanda nyeupe isiyo na mfuko, wala haina tofauti na yetu, na jeneza la mbao tupu lilikuwa limefunikwa. Bwana Mark alisema likifunikwa halifunuliwi. Akatazama kimfuko, akatazama ndevu za Mzee Sufian, akauliza ni udongo wa wapi. Mzee Sufian anajua Kiingereza vizuri, ameendesha teksi mji huu miaka ishirini na sita. Lakini alijibu kwa Kiswahili, akamwachia Ummu amfasirie.

"Mwambie ni udongo wa kwa mkewe."

Ummu alimwomba arudie. Si kwamba hakusikia. Alirudia: wa kwa mkewe. Bwana Mark akalifunua jeneza kidogo, upande wa kichwa, na Mzee Sufian akauweka udongo kwa mkono wake mwenyewe.

Marehemu hakulisikia neno hilo. Alilingoja tangu mwaka 1969, likaja siku moja baada yake. Mliolisikia ni nyinyi, basi mkitoka hapa msiliache kaburini. Liende Lanham, liingie jikoni mule mlimozima redio.

Marehemu ameacha binti yake Nunu na mkwewe Obafemi, wa Sterling. Wajukuu wake Zaria na Dumisani. Ummu, mtoto wa kaka yake mkewe, wa Hyattsville. Wenzake wa redio. Vitabu vitano na nusu. Na jirani yake, Mzee Sufian. Alitanguliwa na wazazi wake, Aden na Mombasa, na mkewe Safa, ng'ambo ya mto.

Sasa shikeni sepetu. Kwa desturi yao, mtu hampi mwenzake mkononi. Huichomeka ardhini, anayefuata aichukue mwenyewe, ili msiba usipokezanwe. Mzee Sufian ameomba awe wa kwanza baada ya Nunu.

Apumzike kwa amani Saadia Yihye Shukr, mume wa Safa.